Jicho la Lulandala

Nyati alikuwa amempa Kandida mgongo, na mgongo wenyewe mpana kama meza ya maharusi. Hata mtu aliyejifunza shabaha kwa manati asingemkosa. Alisimama katikati ya tope la bondeni, maji yakimfika magotini, yangeyange mmoja amejikalia begani kwake kama kondakta asiye na abiria. Upepo ulikuwa ukimjia Kandida usoni, kwa hiyo mnyama hakuwa na habari kwamba duniani kuna mtu anaitwa Kandida Mapunda. Jua lilikuwa limepanda, na utepe wa kunasa nguvu za jua uliobandikwa juu ya bunduki ulikuwa umeshiba tangu asubuhi. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kidoto.

Kidoto chekundu kilitakiwa kiwake katikati ya kidirisha kidogo cha kioo, kikae nyuma ya bega la nyati, triga ilegee, kazi iishe. Hakikuwaka. Kandida aliigusa triga kwa kutimiza wajibu tu. Ilikuwa ngumu kama jiwe.

"Lulandala," alinong'ona. "Leo tena?"

Lulandala hakujibu. Hakuwa na tabia ya kujibu tangu azikwe.

"Huyu ndiye aliyekuua, we Mhehe. Au umeshamsahau sura?"

Kidirisha kilibaki kitupu, matete yakionekana ndani yake, na nyati, na anga. Kandida alijua kabisa kinachotakiwa. Alitakiwa atie vidole viwili mdomoni na kupiga mluzi, nyati ainue kichwa, ageuke, amtazame. Hapo tu ndipo kidoto kingewaka, kwa sababu ndivyo Lulandala alivyokifundisha kwa misimu yote aliyokaa bondeni. Hakupiga mnyama asiyemwona. Alipiga mluzi kwanza, akangoja macho yakutane, kisha akafyatua. Ukimuuliza kwa nini, alikuambia si adabu kumuua mtu ambaye hajui anauawa na nani. "Mtu" kwa maana ya nyati. Kwa Lulandala kila kitu kilikuwa mtu, isipokuwa Wangoni.

Kandida hakupiga mluzi. Mluzi wa mwisho wa Lulandala alikuwa ameusikia kwa masikio yake, akiwa amelala kwenye matete hatua chache pembeni, na aliona jinsi nyati alivyogeuka na jinsi ambavyo hakusimama. Kidoto kiliwaka, ndiyo. Risasi ilitoka, ndiyo. Ikagonga lile pande la pembe lililokaa juu ya paji la uso kama kofia ya chuma, ikateleza, ikaenda zake. Yaliyofuata hakupenda kuyakumbuka akiwa na njaa, wala akiwa ameshiba.

Basi alishusha bunduki, akarudi kinyumenyume mpaka matete yakamfunika, akashika njia ya kituoni. Njiani alimsema marehemu kwa kila neno baya alilolijua. Lakini ukweli usemwe: alikuwa anatembea kwa wepesi. Kukataliwa na kile kidoto kulimfanya ajisikie kwamba bado kuna mtu anayembishia, na kwa Kandida, siku hizo, kubishiwa kulikuwa ni chakula.

*

Zamani, kabla ya macho, askari wa wanyamapori walitembea wawili wawili. Mmoja alishika bunduki, wa pili alishika maneno: piga, usipige, huyo ana ndama, huyo si mnyama bali ni mchungaji aliyejifunika blanketi. Wakati mwingine wa pili alichelewa kusema. Wakati mwingine wa kwanza hakusikia. Yakatokea mazishi, zikatokea kesi, na bonde liliporudishiwa maji yake na wanyama wakarudi kwa fujo kuliko walivyoondoka, likaletwa jicho.

Ukiliona utalidharau. Kidirisha cha kioo kisichozidi sanduku la kiberiti, kimepandwa juu ya bunduki pale ambapo vyuma vya kulengea vilikuwapo kabla havijakatwa. Ndani yake taa ndogo inachora kidoto ambacho mnyama hakioni. Anakiona mlengaji peke yake. Juu kuna utepe wa jua wa upana wa ukucha, huo ndio mdomo wake. Na ubavuni, ndani ya punje isiyofika ukubwa wa mchele, kuna akili. Akili hiyo inatazama unachotazama. Inasikia pumzi yako kwenye kitako cha bunduki, inajua kidole kinaposita na kinapoamua. Msimu wa kwanza inakubali kila kitu, kama mkwe mpya. Baadaye inaanza kukujua. Mwisho inakataa kabla wewe hujakataa, na ikikataa, triga haiendi popote.

Ofisi ikapiga mahesabu. Kama jicho linajua kusema usipige, huyo wa pili analipwa kwa kazi gani? Kituo cha watu wawili kikawa cha mtu mmoja na kidirisha, na kwenye taarifa za ofisi kidirisha kikaandikwa kama askari wa pili. Kandida aliletwa kituo cha Nyamatete kujifunza kwa msimu mmoja tu, ili Lulandala akistaafu amwachie bunduki, jicho na upweke, vyote vikiwa katika hali nzuri.

Kwa bahati alikuwa Mngoni na mzee alikuwa Mhehe. Watu ambao mababu zao walichinjana wakichoka hugeuka watani, na hawa wawili walianza siku ya kwanza, kabla hata begi la Kandida halijagusa sakafu. Lulandala alimwambia Wangoni si kabila, ni msafara uliotoka kusini kabisa, ukaishiwa pumzi, ukaita mahali ulipoangukia Songea. Kandida alimwuliza mbona kituo kizima hakina mbwa hata mmoja, au aliyekuwapo aliliwa lini. Wakaendelea hivyo kutwa, wakipika, wakifua, wakinyemelea tembo kwenye mashamba. Walikuwa watani tu. Aliyewahi kuwa na mtani atajua hilo neno "tu" limekaa vibaya hapo.

Alipokufa, gari lilikuja likambeba kwenda kwao Iringa. Kandida alibaki, maana kituo hakiachwi. Na hilo ndilo lililomkaa rohoni. Kwenye mazishi ya Mhehe, mtani ana kazi zake. Anavaa nguo za marehemu na kutembea mwendo wake. Anakaa kwenye ukingo wa kaburi na kukataa maiti isishuke mpaka apewe chochote, na anawaambia watu yale ambayo kilio hakiwezi kuyasema: kwamba alikuwa mchoyo, alikoroma, alidanganya kuhusu uvuvi. Watu wanacheka huku makamasi yanawatoka, na marehemu anaweza kwenda. Lulandala alishushwa bila mtani wake. Alipoulizwa habari za maziko, dereva alisema tu kwamba yalikuwa ya kimya sana.

Tangu hapo Kandida aliishi na sauti yake mwenyewe. Asubuhi alijisalimia na kujiitikia. Kitanda cha pili alikipangia magunia ya unga ili kisionekane kitupu. Jioni upepo ukivuma kutoka kijiji cha Mtakuja ulimletea vipande vya muziki wa watu, kibwagizo bila wimbo, na alikaa mlangoni akijaribu kukisia wanacheza nini.

*

Afande Chaula, mkuu wa kanda, alipiga redio ya upepo siku hiyo hiyo ya nyati, jua likiwa bado halijageuka rangi. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea huku anasaini karatasi.

Alianza na salamu fupi, kisha akauliza kama Kandida amemwona nyati. Kandida alisema amemwona. Akauliza kama kidoto kiliwaka. Kandida alisema jua lilikuwa hafifu.

"Usangu nzima inaungua, wewe peke yako una mawingu?"

Kandida alipunguza sauti ya redio.

Chaula aliacha kusaini. Alimkumbusha kwamba siku mwili ulipoondoka alimwagiza alifute jicho, aanze upya na lake, na kwamba Kandida alijibu "imepokelewa". Kisha, bila kupandisha sauti, akampa habari. Mchana, Maduhu wa Mtakuja aliingia kwenye majaruba yake kuangalia mpunga. Nyati alikuwa amelala kwenye tope la ukingoni. Pembe iliingia kwenye paja ikatokea upande wa pili. Wamembeba kwenye tela la pawatila, lile trekta dogo la magurudumu mawili, juu ya godoro, kwenda hospitali ya wilaya. Anapumua. Mguu hawajui.

Kandida aliuliza ilikuwa saa ngapi, akaambiwa. Akahesabu. Ilikuwa muda mfupi tu baada ya yeye kushusha bunduki na kuondoka akichekacheka na marehemu.

"Afande," alisema.

"Futa," Chaula alisema, akakata.

Kwa mbali, ng'ambo ya matete, Kandida akasikia kwa kweli mngurumo wa pawatila, ule wa kukohoakohoa, ukienda taratibu mno kwa mashine iliyobeba mgonjwa. Barabara ilikuwa mbaya. Alisimama mlangoni akausikiliza mpaka ukaisha.

*

Mke wa Maduhu alikuja kesho yake asubuhi kwa miguu, akipita barabara ya juu ya tuta. Jina lake Minza, ila watu walimwita mama Limi. Kandida alimtolea kiti, pole yake ikapokelewa kwa kichwa tu, akamimina chai kwenye kikombe ambacho kilikuwa hakijatumika kwa muda mrefu hata ikabidi akioshe mara mbili.

Mama Limi hakuwa na haraka. Alieleza kwamba Maduhu amelala, homa imeshuka, daktari anasema mguu watautazama. Alieleza kwamba mpunga umeiva kupita kiasi, ukipita karibu nao tu unapukutika, na kwamba mashine ya kuvunia ya kijiji haiwezi kuingia kwenye majaruba ya ukingoni kwa sababu ya tope. Lazima mundu. Na watu wote wenye mundu wanaogopa. Basi yeye ataingia keshokutwa na shemeji zake wawili, nyati awepo asiwepo, maana wakingoja tena watavuna majani.

Kandida akamwambia asiingie. Mama Limi akauliza angoje nini.

"Nimesikia maneno," akasema. "Watu wanasema jicho lako linangoja marehemu akubali. Nikasema watu wa Mtakuja waongo. Ni kweli?"

Kandida akajaribu mzaha. Alisema marehemu alikuwa Mhehe, na Mhehe kukubali jambo inahitaji kikao cha ukoo. Kwa kawaida mzaha huo ulikuwa na nguvu. Mama Limi aliutazama ukipita, kama mtu anayetazama kuku wa jirani.

"Dada yangu," alisema. "Wangu anapumua. Wako hapumui. Sasa mbona anayelindwa ni wako?"

Alisema bila ukali, ndiyo maana liliingia. Kandida alitaka kueleza kuhusu akili ndani ya punje, kuhusu misimu mingi ya mtu aliyekuwa na shabaha kuliko wote bondeni, kwamba jicho likifutwa linawaka kwa chochote, hata kwa mtoto, na kwamba mtu mmoja peke yake na jicho la namna hiyo ni hatari pia. Yote yalikuwa kweli. Alipoyapanga mdomoni akaona hakuna hata moja lililokuwa sababu yake.

"Nisamehe," alisema.

Mama Limi alimaliza chai, akafunika kikombe kwa sahani, akashukuru. Mlangoni aligeuka. Aliuliza kama ni kweli kwamba yule mzee alikuwa anamwamsha nyati kwa mluzi kabla ya kumpiga. Kandida akasema ni kweli. Mama Limi akafikiri.

"Alikuwa na moyo mzuri," alisema. "Hakuwa na shamba."

*

Mchana huo Kandida alitoa sweta ya Lulandala chini ya godoro. Ilikuwa ya kijani, imetoboka viwiko, bado ina harufu ya tumbaku na mafuta ya bunduki. Aliivaa katika lile joto. Akavaa na kofia yake. Kisha akatoka uani, mbele ya umma wa kuku wawili na sufuria iliyoanikwa, akatembea mwendo wa Lulandala: goti la kushoto likichelewa, mikono nyuma, kifua mbele kama mtu anayekagua gwaride la siafu.

Ilitakiwa watu wacheke. Kuku walimpisha.

Akakaa kwenye kizingiti, bunduki mapajani, haina risasi. Kufuta jicho si kazi ngumu. Unafunika utepe wa jua kwa kidole gumba ili lisile mwanga, unabana vitufe viwili vya ubavuni, unashikilia. Kidoto kinawaka chenyewe, kinaanza kufifia polepole. Kikizimika, kumbukumbu imetoka. Ukiachia kabla hakijazimika, kinarudi na hakuna kilichopotea. Waliolitengeneza walijua watu watabadili mawazo.

Alibana. Kidoto kikawaka chekundu, safi, cha kwanza kuwaka tangu siku ile. Akaachia papo hapo, kama aliyeshika kikaango.

"Haya," alisema. "Sijapewa kitu bado. Maiti haishuki."

Akangoja. Uani hapakuwa na shangazi wa kumletea mia mbili wala kaka wa kumbembeleza. Aliingia ndani, akachota unga kidogo kwenye gunia la kitanda cha pili, akajilipa mwenyewe kwa niaba ya ukoo, akaudharau kuwa ni kidogo, akajibembeleza, akakubali. Akakohoa, akaendelea.

"Jamani mliokuja," aliwaambia kuku. "Huyu hapa ni Lulandala. Alisema aliwahi kuvua kambale mrefu kuliko mtumbwi, na mtumbwi wenyewe haujawahi kuonekana. Alikoroma mpaka fisi wakaandika barua ya malalamiko. Alinificha sukari, akadhani Mngoni hajui kunusa. Na huyu ndiye mtu aliyempigia nyati mluzi. Mluzi hupigiwa mbwa, mzee. Na mbwa ninyi mnamwita kwa sababu nyingine kabisa."

Alicheka, peke yake, sauti ikafika ukutani ikarudi. Akabana vitufe, kidole gumba juu ya utepe. Kidoto kikawaka.

"Ulitaka akuone," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Ulidhani akikuona inakuwa haki. Mimi sijui. Huenda ni haki. Lakini alikuona, ukafa, na mimi nikabaki namlea huyu nyati kwa sababu ndiye peke yake anayekufanya uniambie hapana. Maduhu ametobolewa paja ili mimi nipate mtu wa kuongea naye. Hilo ndilo ninalolisema hapa kaburini, watu wasikie."

Kidoto kilififia mpaka rangi ya tofali, mpaka rangi ya kutu. Kidole chake kilitaka kuachia, akakiona kinavyotaka. Mgongo ulitiririka jasho ndani ya sweta. Hakuachia.

Kilipozimika hakikutoa sauti yoyote. Alikuwa ametegemea angalau mlio.

*

Siku ya mama Limi kuvuna, Kandida alikuwa kwenye matete kabla wavunaji hawajashuka kwenye tuta. Aliwaomba wangoje juu mpaka wasikie bunduki. Jua lilipopata nguvu nyati alitoka, akaingia kwenye tope lake lile lile, akampa mgongo ule ule. Yangeyange akatua begani kwake.

Kandida akainua bunduki.

Kidoto kiliwaka kabla hata hajalenga. Kiliwaka kwa matete. Kikapita kwa yangeyange kikabaki kimewaka, kikapita kwenye maji, kwenye wingu, kwenye jani lililokuwa linaelea, na kila mahali kilikuwa radhi. Triga ilikuwa laini chini ya kidole kama chapati ya moto. Hapakuwa na wa kumwuliza. Aligundua kwamba alikuwa amezuia pumzi akisubiri mtu fulani aseme neno, na hapo ndipo alipoelewa kwa tumbo lake, si kwa kichwa, maana ya kuwa peke yake na bunduki.

Alingoja yangeyange aondoke. Jicho halikumlazimisha. Ndege aliondoka kwa sababu zake, kidoto kikatulia nyuma ya bega, nyati akashusha kichwa kunywa. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa karibu na mdomo. Aliviona. Angeweza kupiga mluzi hata sasa. Jicho jipya lisingejali. Kule juu ya tuta mama Limi na shemeji zake walikuwa wamesimama na miundu yao.

Akarudisha vidole chini ya mtutu, akafyatua.

Nyati alipiga magoti ya mbele, kama anayetafuta kitu alichoangusha, akalala ubavu. Hakugeuka. Hakumwona mtu. Alikufa akiwa na maji mdomoni, na kama alikuwa na la kusema juu ya adabu, alikwenda nalo.

Kandida hakuinuka. Ndivyo inavyofanywa: unabaki umelenga mpaka uwe na hakika, maana nyati aliyekufa amewahi kuua wengi. Alibaki na jicho kwenye kidirisha, akimtazama tumbo kama litapanda. Na kwa kuwa alitazama huko tu, hakumwona mama Limi akiteremka tuta mbio, kanga kiunoni, akiwapungia wenzake mkono waje, akakatiza mbele ya mzoga.

Kidirisha kikajaa kanga ya manjano. Kidoto kikakaa kifuani pake, kikawaka vizuri kabisa, na triga ikabaki laini.

Kidole kilitoka kwenye triga chenyewe, bila kuagizwa. Bunduki ikaenda chini, mtutu ukachoma tope. Mama Limi hakujua lolote. Alikuwa anamwita kwa mkono, anacheka, anamwambia kitu ambacho upepo ulikichukua. Kandida aliinua mkono amjibu, akaupeleka usoni akajifanya anafuta jasho.

*

Walivuna mchana kutwa. Walimwita ale nao, akasema anakuja, hakwenda. Kabla ya jioni alimpigia Afande Chaula.

Chaula alimpongeza, na safari hii alisikika kama mtu aliyeinua kichwa kutoka kwenye karatasi. Alisema Maduhu mguu wake utabaki, ila atachechemea. Alisema pole kwa mzee, najua mlivyokuwa. Kandida alishukuru, kisha akamweleza kuhusu kanga ya manjano, yote, bila kuficha kitu.

Redio ilikoroma kidogo.

"Ndivyo jicho jipya lilivyo," Chaula akasema. "Litajifunza. Msimu mmoja hivi."

"Naomba mtu, afande. Mpaka msimu uishe. Yeyote. Hata asiyejua kushika bunduki, akae tu pembeni yangu aseme usipige."

Chaula alisikika akifunua karatasi. Kisha akasema kwa upole kwamba kwenye taarifa Nyamatete ina askari wawili, na hawezi kupeleka wa tatu wakati vituo vingine havina wa pili. Akamtakia jioni njema.

Kandida alizima redio. Alitoa risasi zote kwenye bunduki, akazipanga dirishani, akahakikisha mara mbili kwamba chemba ni tupu. Akabeba kiti mpaka ukingoni mwa matete, ambapo kuro walikuwa wanatoka kunywa, madume na majike na ndama wenye masikio makubwa. Bado palikuwa na mwanga wa kutosha kulilisha jicho.

Lilikuwa halijui kitu. Lilikuwa limeona kifo kimoja, cha mnyama aliyegeuza mgongo, na hilo ndilo somo lake la kwanza na yeye ndiye aliyelifundisha. Mengine yote yalikuwa bado.

Akainua, akamlenga jike mwenye ndama. Kidoto kikawaka. Aliacha kidole nje ya triga, akavuta pumzi, akaitoa taratibu kwenye kitako ili jicho lisikie.

"Hapana," akaliambia. "Huyu ana mtoto."

Akashusha. Kuro aliinua kichwa akamtazama, akarudi kunywa. Kandida akangoja mikono ipumzike, akainua tena.

Kikawaka.

"Hapana," akasema.